UZI: Mashirika yakifunga ofisi, mradi unabaki mkononi mwa nani? Watu wa Western, Nyanza na Nakuru tuongee

Mlimaji_Matayos

Wadau hamjambo. Nataka tuongee kuhusu hizi NGO, na sio yale maneno ya kila siku ya "wanakula pesa" ama "bila wao tungekuwa tumeisha", hizo pande zote mbili tumezisikia mpaka tumechoka. Mimi swali langu ni hili: shirika likimaliza miaka yake, ofisi ikafungwa na magari yakarudi Nairobi, ile kazi inabaki mkononi mwa nani? Juu naona maendeleo endelevu inaanzia hapo ama inafia hapo.

Na sisi watu wa huku tuko na haki kabisa ya kuongea, juu vitu vingi vimejaribiwa hapa kwetu kabla dunia nzima haijavisikia. 1998 shirika la Kiholanzi la ICS lilianza kupatia watoto dawa za minyoo kwa shule 75 za Budalangi na Funyula hapa Busia, watafiti wa uchumi Michael Kremer na Edward Miguel wakafuata matokeo na wakaona utoro shuleni umepungua kwa kama robo, na huyo Kremer 2019 akapata Nobeli ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo. One Acre Fund ilianzia Bungoma 2006 kwa kukopesha wakulima mbegu na mbolea, leo iko nchi kadhaa. GiveDirectly, wale wa kutumia maskini pesa kwa simu, walianzia pande za Siaya. Kijiji cha Sauri kule Gem nacho mnakijua.

Sasa niwaambie ya kwetu. Kuna shirika, jina nitaliacha, lilikuja likatuchimbia kisima na kuweka pampu ya mkono. Kazi ilikua safi sikatai, maji masafi na akina mama wakaacha kushuka mtoni. Wakaunda kamati ya maji, mwenyekiti, katibu, mweka hazina, tukafanyiwa semina, tukapewa kitabu cha risiti na kila nyumba ikawa inatoa kitu kidogo kila mwezi. Siku ya kufunga mradi wageni wakaja, hotuba, picha, kibao. Baadaye pampu ikaanza shida, asubuhi unapampu unapampu mpaka mkono unauma ndio maji yaje, alafu siku moja ikakataa kabisa. Mweka hazina ako na pesa. Lakini kwa ile kamati yote hakuna mtu anajua spea inauzwa wapi, hakuna fundi tuliwahi kutambulishwa, namba ya ofisi yao haishiki. Tukaenda kwa wadi tukaambiwa hicho kisima hakiko kwa rekodi ya kaunti. Yaani kitu iko kwa ardhi yetu, inanywesha watoto wetu, na serikali yetu haijui kama iko! Akina mama wamerudi mtoni.

Kwa hivyo msiniambie shida ilikua pesa. Pesa ilikua. Hakukua na mwenyewe.

FundiPampu_Mumias

Mlimaji pole sana ndugu yangu lakini hiyo pampu yako naijua bila kuiona. Kama ni Afridev na asubuhi inachelewa kuleta maji, hiyo ni oringi ya valvu ya chini imechoka, usiku maji yanavuja yanarudi chini na bomba inabaki tupu, ndio maana asubuhi unapampu hewa. Ikikataa kabisa angalia seal ya pistoni. Na ukisikia mkono wa pampu unacheza na kupiga kelele hizo ni bearing za plastiki pale juu zimekwisha. Hizi ni vitu vidogo vidogo, na Afridev iliundwa miaka ya 80, kazi nyingine ikifanywa hapa Kenya pande za Kwale, makusudi ili wanakijiji wenyewe waweze kuvuta rodi na valvu bila kung'oa bomba zote. Hauhitaji krini, unahitaji spana moja, watu wawili wenye nguvu, na mtu amewahi kufanya.

Shida ni kila shirika likija linafundisha watu wake wawili kwa kila kijiji, wale wawili wanaolewa kwingine ama wanaenda Nairobi kutafuta kazi, basi, imeisha. Mimi nimekua nikiwaambia hawa watu wachukueni mafundi watatu kwa sab-kaunti nzima muwape kazi ya pampu zote, fundi mwenye anarekebisha pampu nyingi ataweka spea kwa nyumba yake juu ni biashara. Kule Kwale na Kitui kuna FundiFix, jamii inalipa ada kidogo na pampu ikiharibika fundi anakuja haraka. Hiyo ndio akili. Wataalamu wa maji vijijini, ule mtandao wa RWSN, walikadiria 2009 kwamba zaidi ya theluthi ya pampu za mkono Afrika kusini mwa Sahara zilikua hazifanyi kazi. Si ati zilikua mbaya, nyingi ni seal kama yako.

MwalimuGem

Nimeona Sauri imetajwa, wacha niongezee kwa sababu mimi ni wa Gem na nilifundisha huko.

Mradi wa Vijiji vya Milenia ulianza Sauri mwaka 2004, Profesa Jeffrey Sachs wa Chuo Kikuu cha Columbia, Umoja wa Mataifa, na shirika la Millennium Promise. Kusema ukweli haikuwa NGO moja ya kawaida lakini sisi kijijini tuliiona hivyo. Nia ilikuwa kubwa: mbolea, mbegu, neti, zahanati, chakula cha shule, vyote kwa pamoja badala ya kimoja kimoja, ili kijiji kifikie malengo ya milenia ifikapo 2015. Na mahindi yaliongezeka, nani atakataa? Watoto walikula shuleni, darasa likajaa hata siku za mvua. Mimi siwezi kuruhusu mtu aseme hapakufanyika kitu.

Lakini 2015 mradi ukaisha kama ulivyopangwa, na kile ambacho kilikuwa kinaletwa kila mwaka kikaacha kuletwa. Aliyekuwa amejenga ghala au kununua ng'ombe alibaki na ghala na ng'ombe. Barabara ilibaki, jengo la zahanati lilibaki, mwalimu aliyeajiriwa na serikali alibaki. Mbolea ya bei nafuu haikubaki, na chakula cha shule kikawa mzigo wa wazazi. 2018 ilitoka tathmini ya vijiji vyote kumi vya Afrika, ikaonyesha kuna faida za kweli hasa kwa kilimo na afya, lakini malengo yaliyofikiwa ni kama theluthi moja tu.

Kwa hivyo ukiniuliza, kilichobaki Sauri ni kile ambacho kilikuwa na mlipaji mwingine tangu mapema. Hilo tu.

Mkereketwa_Rarieda

Hapo ndio mimi nasema tuache hizi semina na kamati, watu wapewe pesa wajipange! GiveDirectly kwetu walipatia nyumba zaidi ya elfu kumi za Siaya kama dola 1,000 kila moja, na watafiti wakapiga hesabu wakaona kila dola moja imezungusha kama dola mbili na nusu kwa uchumi wa hapo, hata vijiji jirani ambavyo havikupewa vilifaidika juu watu walinunua kwao mabati, wakaajiri mafundi, wakanunua samaki. Na bei haikupanda ile watu walikua wanaogopa. Tena kuna wale wanalipwa kila mwezi kwa simu miaka 12, Siaya na Bomet. Sasa niambie semina gani imewahi kufanya hivyo??

Ndio najua Homa Bay wengi walikataa, wakasema hizo pesa ni za mashetani, ati hakuna mtu anapeana pesa bure. Lakini hiyo ni juu tumezoea kila kitu cha bure kina masharti.

Mlimaji_Matayos

Mkereketwa sina ubishi na wewe kabisa, pesa mkononi inafanya kazi na inaheshimu mtu. Lakini pesa ya nyumba yangu haiwezi kunijengea mfumo wa maji wa lokesheni nzima, na hainiletei nesi. Kuna vitu vya nyumba na kuna vitu vya watu wote, na hivi vya watu wote ndio vinakufa shirika likienda.

Na @FundiPampu asante sana, nimeenda kwa pampu na hayo maneno yako nikaona ni seal kweli.

BodaUgunja

Mimi naona ugonjwa wetu ni bure bure. Kitu ya bure haina heshima. Hizo neti watu walifugia kuku na kuvulia omena. Watu walipe hata kama ni kidogo, ndio watunze, na ndio shirika likienda pesa iendelee kuingia. Hiyo ndio endelevu.

Mlimaji_Matayos

Ndugu yangu BodaUgunja hayo maneno yanasikika vizuri na mashirika mengi yaliyaamini, lakini yamejaribiwa hapa hapa kwetu na yakaanguka, na hii ndio sehemu nataka watu wasome polepole.

Zile dawa za minyoo za Busia, ilifika wakati shule zingine zikaambiwa wazazi wachangie kitu kidogo, sehemu tu ya gharama. Idadi ya watoto wanaotibiwa ikaanguka kwa kama asilimia 80. Themanini! Sio ati wazazi hawapendi watoto, ni vile minyoo haionekani na shilingi inaonekana, na tena mtoto wangu akitibiwa anakinga wa jirani pia kwa hivyo faida yote haiji kwangu. Neti nayo, watafiti Jessica Cohen na Pascaline Dupas walifanya jaribio kwa kliniki za wajawazito hapa Western, mahali pengine bure, mahali pengine bei mbalimbali. Kutoka bure hadi shilingi 40 peke yake, wanaochukua neti walipungua kwa asilimia 60 hivi. Na wale waliopewa bure waliitumia sawa tu na wale walionunua. Kuku na omena ziko, sikatai, lakini sio hizo zinaeleza hesabu yote.

Kwa hivyo "endelevu" haimaanishi kila kitu maskini alipe. Kuna vitu ambavyo mlipaji wake ni ushuru wetu. Leo dawa za minyoo zinapeanwa na walimu wa serikali chini ya mpango wa kitaifa wa wizara ya afya na ya elimu, ulianza 2009 na ukaongezwa nguvu 2012, mashirika yakisaidia kwa utaalamu. Hapo shirika lilifanya kazi ya NGO vile inafaa: likajaribu kitu kwa shule chache, likapima kwa haki hata pale matokeo yanaumiza, alafu kitu kikaingia kwa serikali. Sasa pampu ni tofauti, maji mtu anayaona na anayahitaji leo, huyo atalipa. Lakini kila kitu kipimwe kivyake.

Nesi_Lakeside

Nimekua nikisoma kimya lakini lazima niongee. Mimi nafanya kazi kaunti moja ya ziwa, hospitali sitasema.

20 Januari 2025 Rais wa Marekani alisimamisha misaada ya nje na siku chache baadaye tukapata barua ya kusimamisha kazi. Nataka muelewe ilikuaje kwa mlango wa CCC, ile kliniki ya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Ule mama mshauri ambaye yeye mwenyewe anaishi na virusi na kazi yake ni kushika mkono wasichana wajawazito waliopata majibu leo, hakuwa mwajiriwa wa kaunti, alilipwa na mradi. Yule kijana wa data anayejua ni nani hajakuja kuchukua dawa mwezi huu, mradi. Mtu wa kupiga simu na kwenda nyumbani kumtafuta mgonjwa, mradi. Asubuhi moja wote hawako. Wagonjwa wamekaa kwa benchi, faili ziko, dawa zilikuwepo kwa stoo, na watu wa kuziunganisha hawapo. Niliona mama amekuja na mtoto mgongoni, akauliza yule dada ako wapi, akaambiwa hayuko, akakaa kidogo alafu akaondoka bila kuonwa. Huyo ndio nilimfikiria usiku.

Mwezi Machi wakatangaza wamefuta asilimia 83 ya programu za USAID, shirika la misaada la Marekani, na 1 Julai shirika lenyewe likafungwa rasmi, shirika limekuwepo tangu 1961. Na kaunti zetu hizi, Homa Bay, Kisumu, Siaya, Migori, ndizo zenye maambukizi mengi zaidi Kenya. PEPFAR, ule mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, tangu 2003 imeokoa watu, mimi nimewaona kwa macho, watu waliletwa kwa machela leo wanaendesha biashara soko la Kibuye. Sitawahi kudharau hiyo. Lakini zaidi ya miaka 20, kwa nini nafasi za kazi za muhimu hivyo hazikuwahi kuingizwa kwa bajeti ya kaunti hata kidogo kidogo kila mwaka? Shirika lilikua na tenda yake ya miaka mitano, ikiisha linakuja lingine, kaunti nayo ikasema si partner analipa, bunge la kaunti likajenga geti. Kila mtu alikua anajua itaisha siku moja!

Angalieni AMPATH, ule mpango wa matibabu ya HIV kule Eldoret wenye walianza 2001, wao walijengwa ndani ya Hospitali ya Rufaa ya Moi na Chuo Kikuu cha Moi, vyuo vya Marekani vikiongozwa na Indiana vikawa washirika. Wanafunzi wa udaktari wa hapa wanafundishwa humo humo. Mwenye nyumba ni taasisi ya Kenya. Sisemi hawana shida, nasema mtu akiuliza nani mwenyewe, jibu liko.

DadaKondele

Nesi pole, sana. Hiyo ya mama kuondoka imeniuma.

Mimi wacha nilete yenye imekaa. Kikundi chetu hapa Kondele kilianzishwa na mafunzo ya shirika, ule mtindo wa kuweka na kukopeshana. Shirika la CARE ndio waliuanzisha Niger 1991 na akina mama wa Maradi, ukasambaa Afrika yote. Sanduku la chuma lina kufuli tatu, funguo zinakaa na watu watatu tofauti na sanduku linakaa na mtu wa nne. Tunakutana, sanduku linafunguliwa mbele ya kila mtu, pesa inahesabiwa kwa sauti, mtu ananunua hisa anapigiwa muhuri kwa kitabu chake, mwenye anataka mkopo anaeleza wa nini. Hakuna kalamu ya mtu wa ofisi. Desemba tunagawana kila mtu na faida yake kulingana na hisa alafu tunaanza upya.

Yule ofisa alitufundisha akaenda zake, na mradi wake ulishaisha zamani, na sisi bado tuko. Kwa nini? Juu tangu siku ya kwanza hakuleta hata shilingi. Pesa yote ilikua yetu, yeye alileta tu utaratibu. Kuna kikundi jirani shirika lingine liliwawekea pesa ya kuanzia, walikosana kabla mwaka kuisha, kila mtu alikopa akasema hiyo si yetu ni ya wazungu.

NakuruMashariki

Nakuru tuko na mfano. Kampuni ya maji ya NAWASSCO ilikua na shida ya kinyesi kinachonyonywa kwa vyoo vya shimo. Wakaingia na mashirika ya SNV na Umande Trust, Chuo cha Egerton na Waholanzi wa maji wa Vitens Evides, pesa ya Umoja wa Ulaya, kinyesi kinakaushwa, kinachomwa mpaka kinakua mkaa, kinachanganywa na vumbi la mbao na molasi, kinatoka makaa ya mviringo. Yanaitwa Makaa Dotcom, hayana harufu. Kampuni ya maji ikaunda kampuni yake ndogo, Nawasscoal, ndio inayamiliki. Mashirika yalileta ujuzi na pesa ya kuanzia, lakini mtambo ni wa kampuni ambayo ingekuwepo tu, juu Nakuru lazima iwe na maji na lazima iwe na vyoo.

MwalimuGem

Nakuru umesema vizuri. Na tusisahau shirika linaweza kuwa letu kuanzia mwanzo. Shirika la BRAC lilianzishwa na Fazle Hasan Abed huko Bangladesh 1972 kusaidia wakimbizi wanaorudi baada ya vita. Miaka ya 80 wakatuma wanawake nyumba kwa nyumba nchi nzima kufundisha akina mama kuchanganya maji, chumvi na sukari guru kwa mtoto anayehara. Mama akishajua hakuna mradi wa kufungwa. Na leo sehemu kubwa ya pesa zao wanatengeneza wenyewe kwa biashara, maziwa, nguo.

Wafadhili nao waliahidi Istanbul 2016, kwa ule mkataba wa Grand Bargain, kwamba ifikapo 2020 robo ya pesa za dharura ziende kwa mashirika ya nchi husika moja kwa moja iwezekanavyo. Mwaka ulifika, robo haikufika hata karibu. Shirika la hapa linapata kazi ya mkataba mdogo chini ya la kigeni, halina pesa ya kujenga ofisi wala kuajiri mhasibu wake, alafu linaambiwa halina uwezo.

BodaUgunja

Mlimaji hiyo ya shilingi 40 imenishangaza, nimekubali. Sasa tufanye nini? Juu hawa wa nje wanaenda tu.

Mlimaji_Matayos

Mambo ya kufanya iko na sio ya mbali. Kwanza, shirika likija kwa baraza la chifu msiulize tu mtatuletea nini. Ulizeni, siku ya kwanza: hii kitu itaandikwa kwa rekodi ya nani? Nani atalipa mshahara wa huyu mtu mwaka wa sita? Spea inauzwa duka gani? Wakijibu "jamii itamiliki" endelea kuuliza, jamii ni nani, ako na akaunti, ako na fundi? Sheria mpya ya mashirika ya manufaa ya umma, ile ilipitishwa 2013 na ikakaa mpaka 14 Mei 2024 ndio ikaanza kutumika, inataka mashirika yawe wazi. Basi tuitumie.

Pili ni kaunti. Kila mwaka kaunti inatakiwa kupeleka mpango wake wa maendeleo wa mwaka kwa bunge la kaunti kabla ya 1 Septemba, karatasi ya mwelekeo wa matumizi kabla ya 28 Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili. Sisi huwa tunajitokeza ile ya Aprili tukipiga kelele na kila kitu kishapangwa. Kama tunataka pampu zetu na watu wa CCC wawe kwa bajeti lazima tuingie kabla ya Septemba, na tuandike, sio kuongea tu na MCA, mwakilishi wa wadi, kwa matanga.

Nesi_Lakeside

Ya wahudumu wa afya wa jamii ilipiganiwa hivyo hivyo. Miaka mingi walikua wanalipwa na miradi ama hawalipwi kabisa, sasa wako kwa hesabu ya serikali kuu na kaunti, nusu kwa nusu. Malipo yanachelewa, na ni kidogo, lakini wako kwa hesabu na mtu anaweza kushtakiwa nazo. Tunataka mama washauri wawe hapo pia. Naandika barua na wenzangu wawili, ikiwa tayari nitaiweka hapa muibadilishe kwa kaunti zenu.

DadaKondele

Iweke. Kikundi chetu chote tutaweka sahihi.

Mlimaji_Matayos

Sisi wadi yetu tunakutana Jumamosi, kanisa karibu na soko, tunataka kuandika kila pampu na kila chemchemi, iko wapi, ilijengwa na nani, inafanya kazi ama haifanyi, tupeleke ofisi ya maji wapige muhuri wa kupokea. @FundiPampu_Mumias unaweza kuja? Nauli tutachanga.

FundiPampu_Mumias

Nakuja. Nitabeba seal na oringi za yako, na orodha ya spea zote na bei zake, ya Kisumu na ya Kakamega, ili muiambatanishe. Tafuteni watu wawili wenye nguvu na kamba nzuri.